Shajara ya mradi: umeme wa kitalu nyumba unakwenda wapi

Kitalu chenyewe ni kidogo: urefu mita 3, upana mita 2, ukuta mita 1.8, na kilele cha paa mita 2.3. Fremu ni ya mabomba ya chuma, na mwanzoni kilivikwa nailoni tabaka moja. Ndani kuna nyanya, pilipili hoho na meza ya miche. Vifaa vya umeme ni hita ya feni ya wati 2,000, feni ya kuzungusha hewa ya wati 45, taa ya LED ya wati 100, pampu ya maji ya wati 370, pamoja na kisanduku cha taima na adapta zake.

Gharama zote nimeziandika kwa uniti, yaani kilowati-saa. Bei ya umeme hutofautiana, kwa hiyo zidisha kwa bei unayolipa wewe. Hata vifaa nilivyonunua nimevigeuza kuwa uniti: chukua bei ya kifaa, gawa kwa bei ya uniti moja. Ukifanya hivyo unaona mara moja kifaa kinatakiwa kiokoe uniti ngapi kabla hakijaanza kukurudishia chochote.

6 Mei. Kupima kabla ya kununua

Kila anayeingia kitaluni huilaumu pampu, kwa sababu ndiyo inayonguruma. Nilitaka kujua ukweli wa kila kifaa peke yake.

Nilianza na mita ya klempu, ile ya kubana waya. Kwa hita ilifaa: ampea mara volti zilinipa karibu wati 2,000. Kwa feni ilinipa 75, ilhali kibandiko cha feni kinasema 45. Kibandiko hakikudanganya. Kwenye mota mkondo wa umeme hauendi sambamba na volti, kwa hiyo ukizizidisha tu unapata namba kubwa kuliko wati halisi, na mita ya nyumbani hutoza wati halisi. Klempu ni nzuri kwa hita na pasi. Kwa mota itakupoteza.

Njia iliyofanya kazi haina gharama. Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila kilowati-saa: 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja zikiwemo, kisha washa kifaa kimoja. Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Gawa 3,600,000 kwa namba iliyoandikwa kwenye mita, halafu gawa tena kwa sekunde ulizohesabu. Kwa mita ya 1000, hesabu inabaki 3,600 kugawa kwa sekunde. Feni yangu ilipepesa kila baada ya sekunde 80, yaani wati 45. Kwa hita kitaa hupepesa haraka mno, hivyo hesabu mipepeso kumi kwa pamoja. Mimi nilipata sekunde 18.

Kwa siku moja ya msimu wa baridi, nje ikiwa wastani wa nyuzi 8 usiku na ndani nikitaka nyuzi 16, matokeo ni haya:

- hita: uniti 16
- taa, saa 14: uniti 1.4
- feni, saa 24: uniti 1.08
- kisanduku na adapta, wati 12 mchana na usiku: uniti 0.29
- pampu, dakika 10: uniti 0.06

Jumla uniti 18.8, na 85 kati ya kila 100 zinaliwa na hita. Pampu haina kosa kabisa. Kupandisha lita 200 mita 3 juu ni kazi ndogo sana, na hata pampu mbovu haiwezi kuifanya iwe ghali.

19 Mei. Plagi iliyoyeyuka

Hita ilikuwa inapata umeme kwa ekstensheni ya mita 30 ya waya wa milimita za mraba 1.5, nusu yake ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Asubuhi moja nilikuta plagi imebadilika rangi na tundu moja la soketi limelainika. Gurudumu nalo lilikuwa la moto.

Mambo mawili yalikutana. La kwanza, mguso uliolegea kwenye soketi: ampea 8.7 zikipita kwa saa nyingi kwenye mguso mbovu, joto hujikusanya hapohapo. La pili, waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto lake. Waya wa urefu huo una ukinzani wa ohm 0.7 hivi kwenda na kurudi, kwa hiyo wati 55 zinapotea njiani kila hita inapowaka. Kwa bili ni kama uniti 0.4 kwa usiku. Hasara hiyo ni ndogo. Hatari ya moto ndiyo kubwa, maana kitalu ni nailoni tupu na hakuna mtu anayelala humo.

Fundi umeme alivuta waya wa 2.5 uliofukiwa kwenye bomba, akaweka soketi zenye kifuniko cha kuzuia maji, athi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na kikata umeme cha miliampea 30 kinachozima kikihisi umeme unavuja. Gharama: sawa na uniti 400. Hii hairudi kwa kuokoa umeme, na sitaki mtu aihesabu hivyo. Maji, udongo mbichi na umeme vikikaa chumba kimoja, kikata umeme hicho ndicho cha kwanza kununuliwa, kabla ya hita yenyewe.

27 Mei. Hesabu ya ngozi ya kitalu

Kabla ya kutafuta hita bora nilikaa nikahesabu joto linapotelea wapi. Ukijumlisha kuta na paa, kitalu hiki kina karibu mita za mraba 26 za nailoni. Nailoni tabaka moja hupitisha takriban wati 6.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Hapo tayari ni wati 169 kwa nyuzi. Ongeza hewa inayopenya kwenye nyufa na mlango, wati 16 hivi, unafika 185.

Tofauti ikiwa nyuzi 8, kitalu kinahitaji wati 1,480 mfululizo. Hita ya wati 2,000 inafikia mwisho wa uwezo wake tofauti ikikaribia nyuzi 11, na ndiyo maana usiku wa baridi kali ilikuwa haizimi mpaka kunapambazuka. Usiku wa saa 13 hesabu inatoa uniti 19. Mita ilisoma 16 kwa sababu udongo hurudisha kiasi cha joto ulilokusanya mchana.

Hita za umeme za kawaida, ziwe za feni, za mafuta au za vioo, zote hugeuza uniti moja kuwa uniti moja ya joto. Tangazo la hita "inayotumia umeme kidogo" lina maana moja tu, kwamba hita hiyo inatoa joto kidogo. Kwa hiyo pesa yangu ilikwenda kwenye ngozi.

3 Juni. Kihisi joto kilichodanganywa na anga

Hita ilikuja na kidhibiti joto ndani yake. Kinahisi joto la mwili wa hita, si la mimea, na kona ya mbali ilibaki ya baridi. Nikanunua kidhibiti cha nje chenye kihisi cha waya (sawa na uniti 70), nikaning'iniza kihisi katikati ya kitalu, usawa wa majani.

Usiku wenye mawingu kilifanya kazi vizuri. Usiku wa anga tupu hita iliwaka kupita kiasi, na kipimajoto cha kawaida nilichokificha chini ya ubao kilionyesha nyuzi 17.5 wakati kihisi kinasema 16. Nilidhani kihisi ni kibovu, nikakibadilisha. Hali ikawa ileile.

Sababu ni nailoni. Tofauti na kioo, nailoni ya kawaida huruhusu sehemu kubwa ya mnururisho wa joto, yaani joto linalosafiri kama mwanga, kupita moja kwa moja. Kihisi kilichoning'inia wazi kinalitazama anga lenye baridi, kinapoteza joto kuelekea huko, na kinasoma chini ya hewa inayokizunguka. Dawa ni kukifunika: kisanduku cheupe cha plastiki kilichotobolewa pande zote, pamoja na kifeni kidogo cha kompyuta kinachovuta hewa ipite juu ya kihisi. Kifeni kinakula wati 1.5. Hita ilishuka kutoka uniti 16 hadi 14.5 kwa usiku, bila kubadilisha nyuzi ninazotaka. Mchana kisanduku hichohicho kinakilinda kihisi na jua.

14 Juni. Plastiki ya mapovu

Kazi ya saa chache. Niliondoa mimea iliyogusa kuta, nikapachika plastiki ya mapovu ndani ya fremu kwa vibanio, nikiacha nafasi ya sentimita 2 kati yake na nailoni ya nje. Mapovu makubwa ni bora kuliko madogo. Nikaziba nyufa za mlango kwa ukanda wa sponji.

Upotevu ulishuka kutoka wati 185 kwa nyuzi hadi karibu 107. Hita: kutoka uniti 14.5 hadi 9 kwa usiku. Plastiki yote iligharimu sawa na uniti 120, ikarudi ndani ya wiki nne za baridi. Katika mradi huu wote hakuna kitu kilichorudisha gharama yake haraka namna hii, na kama una uwezo wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Mwanga unapungua kidogo. Nyanya hazikulalamika, miche ilirefuka kiasi, nikaisogeza karibu na upande wa jua.

24 Juni. Ukungu wa kijivu

Ndani ya siku kumi kitalu kilianza kunuka unyevu. Matone yalijaa kwenye plastiki usiku kucha yakidondokea majani, na kwenye mashina ya nyanya, pale nilipokata machipukizi, ukatokea ukungu wa kijivu wenye vumbi. Ukiushika unatoa moshi mwepesi wa mbegu zake. Huyo ni Botrytis, na hupenda hewa iliyotulia yenye unyevu mwingi.

Plastiki ilikuwa imeziba hata dirisha la paa. Niliogopa kulifungua kwa kuhofia joto, lakini hesabu ilinitoa hofu. Hewa yote ya kitalu hiki ni mita za ujazo 12. Ukiitoa nje na kuipasha upya nyuzi 8 unatumia uniti 0.03 tu. Hata ukiongeza joto lililojificha ndani ya mvuke unaotoka nao, hufiki uniti 0.1. Hewa ni nyepesi, haibebi joto jingi; joto linatoroka kidogokidogo kupitia ngozi, saa baada ya saa.

Kwa hiyo: plastiki ya dirisha imekatwa na kuvikwa kwenye dirisha lenyewe, ili lifunguke. Nafungua dakika kumi kabla ya jua kuchwa na dakika kumi asubuhi. Maji natia asubuhi tu. Mashina yaliyoathirika nimeyakata na kuyatoa nje kabisa. Ukungu haukuendelea. Nimeiandika sehemu hii kwa kirefu kwa sababu wengi huishia hapa: wanaziba kitalu, mimea inaoza, wanang'oa plastiki na kurudia bili ya zamani.

5 Julai. Kupasha mizizi badala ya hewa

Kila nyuzi moja niliyoitaka ndani ilinigharimu uniti 1.1 hivi kwa usiku. Kwa nini kitalu kizima kiwe nyuzi 16, wakati walioihitaji ni miche tu?

Niliishusha hita hadi nyuzi 12, nikaweka mkeka wa joto wa wati 80 chini ya trei za miche, wenye kidhibiti chake kilichochomekwa ndani ya udongo na kuwekwa nyuzi 22. Usiku trei zinafunikwa kwa hema dogo la nailoni. Hita ilishuka hadi uniti 4.5.

Matatizo yalikuja mawili. Mkeka ulikuwa juu ya meza ya wavu wa chuma na haukuzima karibu siku nzima: uniti 1.9, maana nusu ya joto ilikuwa inashuka chini. Bamba la foamu ngumu la milimita 25 chini yake liliupunguza hadi uniti 1.1. Tatizo la pili lilikuwa la nyanya. Maua yalianza kudondoka bila kufunga matunda. Chini ya nyuzi 13 chavua ya nyanya hudhoofika, na nilikuwa nimevuka mpaka huo. Nimepandisha hadi nyuzi 13, hita imekuwa uniti 5.5, na vishada vilivyofuata vimefunga vizuri. Kama ningekuwa na letusi na spinachi peke yake ningeshuka mpaka nyuzi 5 na hita isingewaka usiku mwingi. Chagua mimea kwanza, bili inafuata.

21 Julai. Mapipa ya maji

Pipa la lita 200 likipoa nyuzi moja hutoa uniti 0.23. Niliweka mawili upande wa nyuma, chini ya meza. Hayakusaidia chochote: jua haliyafikii, yakabaki nyuzi 13 mchana na usiku.

Nimeyahamishia mahali yanapopigwa na jua la mchana, nimeyapaka rangi nyeusi, na feni ya kuzungusha hewa inapuliza kati yake. Sasa yanafika nyuzi 17 jioni na kushuka hadi 13 alfajiri. Hita imepungua kwa uniti 1.5, ikawa 4. Angalizo kwa atakayeiga: kama hita yako imewekwa nyuzi 16, pipa la nyuzi 17 halina cha kukupa. Mapipa yalifaa kwa sababu nilishusha hita kwanza. Mapipa yalikuwepo, gharama ni rangi.

2 Agosti. Taa, feni na adapta

Taa ya wati 100 ilining'inia juu katikati. Taa nzuri ya LED hutoa mikromoli 2.5 za mwanga kwa kila juli (mikromoli ni kipimo cha wingi wa chembe za mwanga; milioni moja ni moli moja). Wati 100 ni juli 100 kwa sekunde, kwa hiyo inatoa 250 kwa sekunde. Ukizigawa kwa mita za mraba 6 na kuwasha saa 14, kila mita inapata moli 2 kwa siku. Nyanya inataka 20 na zaidi. Mwanga huo ulikuwa hautoshi mmea wowote. Nimeishusha juu ya meza ya miche peke yake, nimeipunguza hadi wati 50, na kuizungushia karatasi nyeupe: zaidi ya mara tatu ya mwanga kwa miche, kwa nusu ya umeme. Uniti 0.7.

Feni ya wati 45 imetolewa, imewekwa ya volti 12 ya wati 6: uniti 0.14. Majani yanatikisika kidogo, inatosha. Adapta tatu zimekuwa moja, wati 4.

Jumla ya siku sasa ni uniti 6.1, kutoka 18.8.

18 Septemba. Joto limegeuka

Hita imezimwa. Saa saba mchana ndani kulifika nyuzi 38. Plastiki ya mapovu ya ukutani imetolewa, ya paa imebaki pamoja na neti ya kivuli iliyowekwa nje. Kivuli kikiwekwa ndani, joto limeshaingia tayari.

Feni ya kutoa hewa ya wati 90 ilinigharimu uniti 0.6 kwa siku. Nimeweka kifungua dirisha cha nta: silinda yenye nta inayopanuka ikipata joto na kusukuma dirisha juu, haitumii umeme hata chembe. Gharama uniti 150. Upande mmoja tu wa hesabu ndio hauvutii: hufungua polepole, na asubuhi yenye jua la ghafla huchelewa dakika kadhaa. Kwa hiyo feni haijaondoka, lakini huwaka saa mbili badala ya saba.

9 Oktoba. Feni ya paneli

Feni ya kutoa hewa inahitajika pale jua linapowaka, na paneli hutoa umeme pale jua linapowaka. Haihitaji betri. Niliunganisha paneli ya wati 20 "ya volti 12" na feni ya volti 12 moja kwa moja. Ilizunguka kwa kasi ya kupendeza, kisha ikanyamaza na kutoa harufu ya kuungua.

Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 hivi ikiwa haina mzigo, yaani haijalisha kifaa chochote, na feni ndogo ni mzigo hafifu, kwa hiyo volti hazishuki kama inavyodhaniwa. Saketi ya feni ikaungua. Feni ya pili ipo nyuma ya kidhibiti kidogo cha kushusha volti kilichowekwa 12. Jua likizibwa inapunguza kasi, likitoka inapanda. Umeme wa mita kwa kupoza sasa ni ule wa ile feni kubwa tu, kwa siku za joto kali.

9 Novemba. Polikaboneti, kwa sasa hapana

Nimeulizwa kwa nini sijavika polikaboneti ya tabaka mbili, yaani mabamba ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ile ya milimita 6 hupitisha wati 3.5 kwa mita ya mraba kwa nyuzi. Nailoni yangu pamoja na mapovu ni kama 3.8. Tofauti ni wati 8 kwa nyuzi kwa kitalu kizima, yaani uniti 0.5 kwa usiku nikiwa na nyuzi 13 ndani. Msimu wa baridi wa miezi mitatu unaokoa uniti 47. Makadirio niliyopewa ni sawa na uniti 1,800.

Ni misimu 38. Kwa anayejenga kitalu kipya hesabu ni nyingine, kwa sababu atalinganisha na gharama ya nailoni na ya mapovu pamoja, na polikaboneti hudumu muda mrefu zaidi. Kwangu, nailoni ya nje bado ni nzima. Ikichanika nitanunua mabamba ya paa tu, ambako matone ndiko yanakoanzia, na kuta zitabaki na mapovu.